Je, wajua projekta hukaaje shubiri moja kutoka ukutani na bado ikatoa picha ya inchi 100?

Kwenye vibanda umiza vya Arusha projekta huning'inizwa darini, mbali na ukuta, kwa sababu mwanga unahitaji umbali ili utanuke. Picha ya inchi 100 kutoka kona hadi kona ina upana wa mita 2.2, na projekta ya kawaida huhitaji mita tatu na ushei kuijaza. Mtu akiinuka kufuata soda, kivuli cha kichwa chake kinaingia golini. Lakini ipo aina nyingine inayowekwa juu ya kabati la TV, mgongo wake ukiwa karibu kugusa ukuta, na picha yake ni kubwa vilevile. Inawezekanaje?

Siri yake ni kioo kilichopinda. Picha huanzia kwenye chipu yenye vioo vidogo visivyoonekana kwa macho, teknolojia aliyoibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Chipu inayotumika katika projekta nyingi za nyumbani ina inchi 0.47 tu na vioo 1,920 kwa 1,080. Picha husogezwa kidogo mara nne kwa kasi, jicho likaona pikseli, yaani nukta za picha, milioni 8.3 za 4K. Kutoka hapo mwanga hupita kwenye msururu wa lenzi, kisha hugonga kile kioo kilichopinda, ambacho huurudisha nyuma na juu kuelekea ukutani huku kikiutanua. Kioo cha namna hiyo hupotosha mistari, kwa hiyo lenzi hutengenezwa ziipotoshe picha mapema kwa upande wa kinyume, ili ikifika ukutani iwe imenyooka. Sehemu kubwa ya gharama iko hapo, na katika leza, yaani chanzo cha mwanga wenyewe.

Mwanga huo ukitoka hauuendei ukuta uso kwa uso. Unaukwangua kutoka chini kwenda juu, na jambo hili ndilo ninaloona wanunuzi wengi wanalipita haraka. Chukua simu, zima taa za sebuleni, washa tochi yake na uilaze ubavuni mwa ukuta. Kila pito la mwiko wa fundi litajitokeza na kivuli chake. Sasa piga hesabu: lenzi, iliyo mbele ya mgongo wa mashine, iko sentimita 55 kutoka ukutani na ukingo wa juu wa picha uko sentimita 165 juu ya lenzi. Uvimbe wa plasta wa milimita 5 karibu na ukingo huo utauhamisha mstari wa picha kwa milimita 15. Mistari ya uwanja wa mpira itatembea kama nyoka. Kwa projekta ya darini, uvimbe huo huo usingeuona.

Baadhi ya wauzaji watakwambia mashine ina programu ya kunyoosha picha. Ni kweli inayo, lakini programu hiyo hunyoosha kwa kutupa sehemu ya pikseli ulizozilipia. Ni heri kuisogeza mashine yenyewe kwa milimita moja moja, kwa subira, au kununua skrini ngumu ya fremu.

Halafu kuna mwanga wa chumba. Samsung LSP9T, projekta ya aina hii iliyotoka mwaka 2020, ina lumeni 2,800, kipimo cha mwanga wote inaoutoa. Zitandaze kwenye picha ya inchi 100, yenye eneo la mita za mraba 2.75, upate karibu laksi 1,000 ukutani, yaani lumeni 1,000 kwa kila mita ya mraba. Ni nyingi. Lakini projekta haiwezi kutoa mwanga mweusi. Weusi wake ni ukuta wenyewe ulivyo wakati huo. Dirisha likimwaga laksi 200 kwenye ukuta huo saa tisa alasiri, sehemu nyeupe ya picha inapata 1,200 na nyeusi inabaki na 200, yaani nyeupe ni mara sita tu ya nyeusi. Hata mashine ya mamilioni ya shilingi itaonekana imepauka.

Kwa hiyo kuna skrini maalumu zenye matuta madogo ya mlalo, mfano wa meno ya msumeno. Uso wa chini wa kila tuta huakisi mwanga wa projekta kwa watazamaji, na uso wa juu ni mweusi, humeza mwanga wa taa za dari. Zinafanya kazi vizuri sana. Ila hutambua mwanga kwa upande unakotoka tu. Nyumba nyingi mpya za Njiro na Sakina, mitaa ya Arusha, zina marumaru nyeupe zinazong'aa, na jua likizigonga huruka kwenda skrini kutoka chini, njia ile ile ya projekta. Skrini haina namna ya kuukataa mwanga huo. Zulia jeusi mbele ya kabati, na pazia zito kwenye dirisha linalotazamana na skrini, vitakusaidia kuliko kuongeza lumeni.

Kuhusu leza: zenye rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, hutoa rangi nyingi kuliko zenye leza ya bluu pekee inayoangaza fosfori (kemikali inayong'aa ikipigwa na mwanga), ingawa baadhi ya watu huona chembe zinazometameta juu ya picha. Wengine huona miale ya upinde wa mvua wakihamisha macho haraka, kwa kuwa chipu moja huonyesha rangi kwa zamu. Hili hutofautiana kati ya mtu na mtu, hivyo nenda na familia dukani, mtazame maandishi meupe kwenye giza. Kama kuna watoto wadogo, hakikisha mashine hufifiza mwanga kitu kikiikaribia lenzi, maana itakaa usawa wa macho yao.

Na usikilize feni. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni hulazimika kusukuma zaidi ili kuipoza mashine. Projekta nyingi zina mpangilio wa maeneo ya juu, baadhi kuanzia mita 1,500. Anayeishi Ngaramtoni kwenda juu auwashe, na avumilie sauti yake. Wa mji wa Moshi, chini ya mita 1,000, huenda asiuhitaji, ila huko joto la Februari nalo ni kazi kwa feni. Kote kuwili vumbi la kiangazi litatua juu ya kioo cha lenzi, kwa kuwa kinatazama juu. Kifute kwa kitambaa laini cha miwani mashine ikiwa imezimwa na imepoa, na uifunike usiku.