Edith Cowan hakupewa kiti

Nikimtaja tu Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge Australia, haikosi mtu ataniuliza, "Huyo si ndiye yule wa viti maalumu wa Australia?" Hapana jamani. Nimechoka. Viti maalumu havikuwapo. Machi 1921, akiwa na miaka 59, mama huyu aligombea jimbo la uchaguzi la West Perth katika Bunge la Australia Magharibi, mojawapo ya majimbo yanayounda Australia, akalichukua kwa tofauti ya kura chache. Na aliyemwangusha si mtu wa kuokota njiani: ni T. P. Draper, Mwanasheria Mkuu wa Australia Magharibi, yuleyule aliyepeleka bungeni muswada wa kuwaruhusu wanawake kugombea! Hapo kabebwa na nani?

Ukimaliza hilo wanahamia lingine: muhula mmoja tu, alifanya nini cha maana? Anayefuatilia Bunge lolote anajua muswada binafsi wa mbunge huishia wapi. Kabatini. Cowan hakuwa waziri, alikuwa mwanamke peke yake ukumbini, na bado akapitisha miwili. Mwaka 1922 alirekebisha sheria ya mirathi: mtoto akifa bila wosia wala uzao, mama awe na haki sawa na baba. Watu huupita huu haraka wakakimbilia ule wa 1923, uliofungua uwakili na taaluma nyingine kwa wanawake. Mimi naupenda wa 1922 zaidi. Wanawake waliokuwa na elimu ya kutafuta uwakili walikuwa wachache, lakini kufiwa na mtoto hakuchagui nyumba.

Chama chake cha Nationalist hakikumfurahia sana, maana hakuwa mtu wa kupiga kura kwa kufuata mkumbo. Akashindwa 1924, akajaribu tena 1927, akashindwa tena. Tangu 1995 picha yake iko kwenye noti ya dola 50, na nashuku noti hiyo ndiyo imewafanya wengi wadhani kila kitu kilimjia kwa heshima.

Kinachonisumbua mimi ni kingine kabisa. Tunaandika kwamba wanawake wa Australia Magharibi walipata kura mwaka 1899. Wanawake gani? Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, kwa ujumla walisubiri mpaka 1962 ndipo wakapiga kura ya bunge la jimbo lao. Kwa hiyo nikiandika kwamba Cowan aliwafungulia "wanawake" milango, kalamu inasita. Kazi yake siipunguzi hata kidogo, lakini neno hilo naliandika, nalifuta, nalirudisha.