Serikali kupambana na unene, maana yake nini hasa?

Waziri wa afya akisimama na kusema unene umekuwa tatizo la afya ya jamii, watu wengi wanachosikia ni kwamba serikali imeamua kuwasema wanene, kula kidogo, fanya mazoezi, acha uvivu. Sio hivyo kabisa na naomba lieleweke maana kuna watu wanaumizwa bure kwa maneno. Tatizo likishaitwa la afya ya jamii maana yake chanzo chake kimeshapita uwezo wa mtu mmoja mmoja, kipo kwenye mambo ambayo wote tunakutana nayo, chakula kinachouzwa na bei yake, matangazo, shule, barabara, kwa hiyo hata dawa yake lazima iguse huko huko.

Kipimo kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatumia BMI, unachukua uzito wa mtu kwa kilo unagawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima akifika 25 uzito umezidi, akifika 30 huo sasa ni unene uliokithiri, watoto wana hesabu yao inayoangalia na umri. Kwa mtu mmoja BMI inaweza kudanganya, mwenye misuli mingi anaweza kupita 25 na mafuta hana, ila ukitaka kujua hali ya nchi nzima inasaidia sana. Na hali yenyewe inatisha jamani, mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri, kwa watu wazima kiwango kimepanda zaidi ya mara mbili tangu 1990 na kwa watoto wakubwa na vijana kimepanda mara nne. Nyuma yake kuna kisukari, presha, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Sasa fikiria, ndani ya miaka thelathini na kitu tu binadamu wa mabara yote wamekuwa wavivu kwa pamoja? Haiwezekani, na maumbile ya mwili hayawezi kugeuka kwa muda mfupi hivyo. Kilichogeuka ni mazingira, vyakula vya viwandani vilivyojaa sukari na mafuta vipo kila kona na vinatangazwa usiku na mchana, kazi nyingi zimekuwa za kukaa, miji imejengwa kwa ajili ya magari mpaka mtu anayetaka kutembea kwa miguu hana pa kupita.

Serikali nyingi zinaanza na elimu, mabango, vipindi vya redio, na nyingi zinaishia hapo hapo kwa sababu elimu haimkasirishi mtu yeyote. Mimi naona serikali ikiishia hapo bado haijaanza kazi. Kumwambia mzazi apunguze sukari wakati sukari yenyewe imewekwa na kiwanda kwenye karibu kila pakiti anayonunua ni kumbebesha mzigo usio wake.

Hatua inayozungumzwa zaidi ni kodi ya vinywaji vyenye sukari. Mexico walianza Januari 2014, peso 1 kwa kila lita, na mwaka huo wa kwanza manunuzi ya vinywaji hivyo yalishuka kwa wastani wa asilimia 6 hivi, familia za kipato cha chini ndo zilipunguza zaidi. Wanaopinga wanasema kodi kama hii inamuumiza maskini, na hoja yao ina uzito, ndo maana ni muhimu kuuliza hela inaenda wapi, mfano jiji la Philadelphia kule Marekani lilianza kutoza 2017 na sehemu kubwa ya pato ikapangiwa shule za awali za watoto wadogo.

Ila kwangu mimi waliofikiria vizuri zaidi ni Uingereza. Kodi yao iliyoanza Aprili 2018 inamlenga mtengenezaji au mwingizaji wa kinywaji na inaangalia sukari iliyomo ndani, ilipoanza kinywaji chenye chini ya gramu 5 kwa kila mililita 100 hakikutozwa, kuanzia 5 mpaka chini ya 8 kilitozwa kiasi, kuanzia 8 kwenda juu kilitozwa zaidi. Halafu waliitangaza tangu 2016, yaani viwanda vilipewa miaka miwili ya kujipanga, na vingi vikapunguza sukari kabla kodi haijaanza. Unaona ilivyo, mtu anaendelea na kinywaji chake cha siku zote na sukari imeshapungua bila yeye kujinyima wala kuhubiriwa na mtu, ukielewa hili umeshaelewa dhana nzima ya afya ya jamii.

Sio kila kodi inafanikiwa lakini. Denmark waliweka kodi kwenye mafuta yanayoganda, yale ya kwenye siagi, jibini na nyama, Oktoba 2011, na kuanzia 2013 ikawa imeshafutwa, wafanyabiashara walilalamika na watu walikuwa wanavuka mpaka kwenda kununua nchi jirani. Na New York ilijaribu 2012 kuzuia vikombe vikubwa vya vinywaji vyenye sukari kwenye migahawa, mahakama ikaizima kabla haijaanza kutumika.

Chile walipita njia nyingine. Tangu Juni 2016 bidhaa iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta yanayoganda au kalori lazima ibebe alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, kila kilichozidi na alama yake, kwa sababu nani ana muda wa kusoma jedwali la herufi ndogo nyuma ya pakiti huku mtoto analia? Bidhaa zenye alama haziuzwi shuleni na haziruhusiwi kuwa na katuni za kuvutia watoto. Mexico nao wakaweka alama za aina hiyo 2020.

Japani nayo inasemwa vibaya sana, utasikia eti kule kunenepa ni kosa la jinai. Si kweli. Tangu 2008 watu wa miaka 40 mpaka 74 wanapimwa kiuno kwenye uchunguzi wa afya wa kila mwaka, wanaume kikomo ni sentimita 85 na wanawake 90, aliyezidi na ana dalili nyingine kama presha anapewa ushauri. Hakuna anayepigwa faini kwa sababu ya mwili wake, wanaoweza kubanwa ni mifuko ya bima ikishindwa kufikia malengo.

Na matokeo kwenye miili ya watu yanachelewa, hili lisemwe wazi. Kule Uingereza watafiti waliangalia watoto wa miaka 10 na 11 baada ya kodi, wakakuta unene umepungua kwa wasichana ukilinganisha na ambavyo ungekuwa bila kodi, zaidi kwa wanaosoma maeneo yenye umaskini, kwa wavulana hawakuona tofauti ya maana. Kodi ile inagusa vinywaji tu, biskuti na chokoleti haikuzigusa, wala matangazo yake.