Uchaguzi wa Order of the Arrow: kura ya kambini inavyopigwa na inachopima

Order of the Arrow ni jumuiya ya heshima ya skauti wa Marekani. Kijana haombi kuingia humo. Huingizwa kwa kura ya siri ya wenzake wa kundi moja, wale aliopiga nao mahema na kuosha nao sufuria. Kura hiyo hupigwa mara moja tu kwa mwaka. Makundi mengine huipigia kambini wakati wa kiangazi, na mengine huimaliza mapema ili majina yaitwe kambini mbele ya moto.

Jambo la kulielewa kabla ya mengine yote ni hili: wapiga kura si lazima wawe wanachama. Vyama vingi vya heshima huongeza watu kwa idhini ya waliokwisha kuingia. Hapa kila kijana aliyesajiliwa katika kundi ana kura yake, hata aliyejiunga mwezi uliopita na bado anajifunza kufunga fundo.

Utaratibu huu ulianzia Treasure Island, kisiwa cha Mto Delaware ambako skauti wa Philadelphia walikuwa na kambi yao. Mwaka 1915 mkuu wa kambi alikuwa E. Urner Goodman, kijana wa miaka 24, na msaidizi wake Carroll A. Edson alikuwa na miaka 23. Walitaka kuwaenzi vijana ambao mwenendo wao wa kila siku ulilingana na ahadi na sheria ya skauti. Wangeweza kuwateua wenyewe, maana mamlaka walikuwa nayo. Lakini waliwaachia vijana wachaguane, na kwangu mimi huo ndio uamuzi wao uliokuwa na busara kuliko yote. Mtoto anaweza kujionyesha mwema mbele ya kiongozi wiki nzima. Mwenzake anayelala naye hema moja humjua alivyo saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha na kuni zimelowa. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Julai 1915. Mwaka 1948 jumuiya ikawa sehemu rasmi ya programu ya chama cha skauti cha Marekani, ambacho tangu 2025 kinaitwa Scouting America.

Kabla ya kura kuna mchujo. Katika makundi ya kawaida ya skauti, jina haliwekwi mbele ya wapiga kura kama kijana hajafikia daraja la First Class au hajalala kambini usiku 15 ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Kati ya hizo 15, usiku tano mfululizo lazima ziwe za kambi moja ndefu, na kambi hiyo huhesabiwa tano tu hata kama ilichukua siku zaidi. Nyingine kumi hutokana na kambi fupi za mwishoni mwa wiki. Hapo ndipo viongozi wanaopanga kura katikati ya wiki ya kambi hukwama: kijana ambaye hii ndiyo kambi yake ndefu ya kwanza bado hajatimiza usiku tano, kwa hiyo jina lake haliwezi kuingia. Daftari la kambi likaguliwe nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari. Mwisho, kiongozi wa kundi huidhinisha kila jina kwa kuangalia mwenendo. Akishaidhinisha, kazi yake katika uchaguzi imekwisha, na ni vizuri akae pembeni.

Akidi nayo inataka uangalifu. Angalau nusu ya vijana hai waliosajiliwa lazima wawepo. Kundi lenye vijana 30 likipeleka 14 kambini, haliwezi kupiga kura huko hata kama wote 14 wana hamu. Kundi la namna hiyo lifanye uchaguzi kwenye mkutano wa kawaida kabla ya kiangazi.

Uchaguzi huendeshwa na timu ya vijana kutoka loji, ambalo ndilo tawi la jumuiya katika eneo husika. Huja wakiwa na sare na ule ukanda mweupe wenye mshale mwekundu unaovaliwa begani. Hueleza jumuiya ni nini, husoma majina, kisha hugawa karatasi. Kijana anaweza kuandika majina yote, baadhi, moja, au asiandike hata moja. Hawapangwi wa kwanza na wa pili. Kwa kila jina mpiga kura hujiuliza swali moja: huyu anaishi anavyoahidi, na huwatumikia wenzake bila kununa? Kama wanane wanastahili, wote wanane wanaweza kuchaguliwa, na kura anayopewa mmoja haimpunguzii mwingine chochote.

Kuhesabu ni rahisi. Aliyeandikwa katika angalau nusu ya karatasi zilizorudishwa amechaguliwa. Zikirudi 16, zinahitajika nane. Zikirudi 15, zinahitajika nane vilevile, kwa kuwa saba hazifiki nusu. Ikitokea hakuna hata mmoja aliyefikisha, timu hueleza tena maana ya uchaguzi na kura hurudiwa papo hapo mara moja. Matokeo ya mara hiyo ya pili ndiyo ya mwisho. Idadi ya kura za kila mtu haitangazwi, na haipaswi kunong'onwa. Kijana wa miaka 13 hana haja ya kujua kwamba alikosa kwa kura moja.

Kuna kauli moja ya watu wazima inayoharibu shughuli hii kwa nia njema kabisa: "Andikeni wote, asiumie mtu." Ninaelewa huruma iliyomo, lakini inawanyang'anya vijana kazi waliyokabidhiwa. Kura iliyoamriwa haimheshimu aliyechaguliwa, kwa sababu naye anajua kuwa hakuna aliyemfikiria. Upande wa pili kuna hatari ya umaarufu, hasa kwa mtoto mkimya ambaye hukusanya takataka bila kutumwa na hakuna anayemtaja. Dawa yake ni maelezo ya timu kabla ya karatasi kugawiwa. Wakipewa dakika kumi za kukumbuka nani alimsaidia nani mwaka huu, vijana hupiga kura kwa uzito unaowashangaza wazazi.

Waliochaguliwa huitwa hadharani, mara nyingi usiku wa moto wa kambi, lakini kuchaguliwa hakuwafanyi wanachama. Inabaki Ordeal: kulala nje peke yake, kukaa kimya, kula kidogo, na kufanya kazi za mikono za kuiboresha kambi. Mzazi anayesikia hayo kwa mara ya kwanza, pengine aliyehamia Marekani na mwanawe akajiunga na skauti shuleni au kanisani, ana haki ya kuuliza kila kitu kuhusu sherehe hizo na kujibiwa. Hakuna siri inayofichwa mzazi.

Watu wazima wa kundi huingia kwa njia nyingine: kamati ya kundi huwapendekeza, nao hukubaliwa kwa manufaa wanayoweza kuiletea jumuiya. Hawapigiwi kura na vijana.

Aliyekosa hajafungiwa mlango. Jina lake linaweza kurudi mwaka unaofuata akiwa bado ana usiku zake 15, na kiongozi anayemjali atamwita faraghani kabla majina hayajaitwa motoni, ili asiketi pale akisubiri jina ambalo halitatajwa.