Nishati iliyofumbatwa: gharama iliyojificha ndani ya tofali la udongo

Weka tofali bichi lililokauka juani kando ya tofali la kuchoma. Udongo unaweza kuwa umetoka shimo moja, lakini moja limekula kuni na jingine halikula kitu. Nishati iliyofumbatwa ndiyo hiyo: jumla ya nishati yote iliyotumika mpaka tofali likakaa ukutani, kuanzia kuchimba, kukanda na kufyatua hadi kuchoma na kusafirisha.

Udongo wenyewe hauna makuu. Mwenye makuu ni moto. Tanuru la matofali hufika takribani nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi, na la saruji hufika kama 1,450. Saruji ina balaa la ziada: jiwe la chokaa likiungua huachia kaboni daioksaidi iliyokuwa ndani yake, hivyo hata ukibadilisha kuni au makaa ya mawe, hewa hiyo itatoka tu.

Ndiyo maana sikubali haraka kila ukuta unaoitwa “wa udongo” kuwa ni rafiki wa mazingira. Chukua ukuta wa udongo ulioshindiliwa, unene sentimita 30. Mita moja ya mraba ina udongo wa kama kilo 600. Ukichanganya saruji asilimia 8, umetia kilo 48, karibu mfuko mzima! Ukuta mwembamba wa matofali ya saruji yenye matundu unaweza kutumia pungufu ya hapo. Kwa hiyo linganisha kwa mita ya mraba ya ukuta, usilinganishe tofali kwa tofali.

Kwenye pesa, tofali bichi ni rahisi kwa malighafi ila linadai mikono mingi na siku nyingi za jua. Udongo pia ni mzito. Ukiuleta kwa lori kutoka mbali, dizeli inameza nafuu yote.

Halafu kuna umri. Ukuta wa matofali mabichi usio na msingi wa mawe, chini ya paa lisilotokeza vya kutosha, huanza kumeguka chini kabisa, pale matone ya mvua yanapogonga ardhi na kuruka. Ukijengwa upya baada ya misimu michache, hesabu yake yote, ya fedha na ya nishati, inaanza upya.