Je, wajua kwa nini pikipiki yenye mzigo nyuma hugoma kukata kona?

Mtu anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na abiria nyuma analijua hili mwilini hata kama hajawahi kulitamka. Pikipiki ile ile iliyoteremka asubuhi ikiwa tupu, ikiitikia usukani mara moja, jioni imekuwa nzito kuingia kwenye kona na inataka kutokea upande wa pili wa barabara. Kijiweni jibu ni jepesi: uzito. Uzito una sehemu yake, lakini kinachoharibu kona zaidi ni mkao. Nyuma imezama, mbele imeinuka, na pikipiki imekuwa na umbo jingine kabisa. Umbo hilo linarekebishika kwa dakika chache, kwa ringi iliyoko kwenye springi za nyuma ambayo wenye pikipiki wengi hawajawahi kuigusa.

Tuanze na usukani. Simama ubavuni mwa pikipiki, utazame bomba la usukani lilivyolala. Ukiurefusha mstari wake kwa macho hadi ardhini, utagusa chini mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Pengo hilo la sentimita chache ndilo linalolifanya tairi la mbele lijinyooshe lenyewe, sawa na vile vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyogeuka na kufuata upande unaosukumiwa. Pengo likiwa dogo, pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka. Likiongezeka, inapenda kwenda mbele tu.

Sasa weka hesabu. Tuseme springi mbili za nyuma kwa pamoja huzama milimita 1 kwa kila kilo 3, kiasi ambacho hakiko mbali na pikipiki ndogo za kazi. Abiria wa kilo 70 na mfuko wa kilo 20 kwenye keria wanaleta kilo 90, karibu zote zikiangukia gurudumu la nyuma. Nyuma itazama milimita 30. Inaonekana si kitu. Lakini kwenye pikipiki ambayo ekseli zake zimeachana sentimita 125 hivi, kuzama huko kunalaza bomba la usukani nyuma kwa zaidi ya nyuzi 1, na lile pengo linaongezeka kwa karibu sentimita nzima. Papo hapo tairi la mbele limepunguziwa uzito, kwa hiyo linashika barabara kwa nguvu kidogo kuliko lilivyozoea. Ukiwa unapanda mlima hali inazidi, kwa sababu mteremko wenyewe unausogeza uzito nyuma tena. Usukani mzito na tairi jepesi vinakutana kwenye kona moja yenye vumbi la kokoto. Ndipo pikipiki inapokataa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza jambo linalowaudhi madereva wote wa barabara ya Moshi kwenda Arusha usiku. Milimita 30 za kuzama nyuma zinaunyanyua mwanga wa taa kubwa kwa zaidi ya mita 1 ukiupima mita 50 mbele. Taa iliyopangwa vizuri mchana bila abiria, usiku inampiga usoni anayekuja, na dereva mwenyewe haoni shimo lililo mbele yake.

Ringi yenyewe iko wapi? Tazama shokapu ya nyuma, kwenye ncha moja ya springi, mara nyingi ile ya chini. Utaona kikombe cha chuma kilichochongwa ngazi ngazi, kwa kawaida ngazi 5, kimekalia kijino kidogo. Ukikizungusha, kijino kinahamia ngazi nyingine na springi inabanwa au inalegezwa. Kwenye pikipiki iliyofanya kazi masika mazima huwezi hata kuzihesabu: matope ya Uru yamekauka juu yake yakawa sehemu ya chuma. Piga maji, sugua kwa brashi ya waya, tia tone la oili, subiri kidogo ndipo ugeuze. Ipandishe pikipiki kwenye stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lielee, maana kugeuza ringi huku springi imebeba uzito ni kuhatarisha vidole. Kazi hii ina spana yake yenye ndoano, na baadhi ya pikipiki huuzwa nayo kwenye vifaa vyake. Wanaotumia patasi na nyundo hula ngazi zile mpaka zisishike tena, jambo linalosikitisha kuliona kwenye shokapu ambayo bado ni nzima.

Ukimuuliza fundi, wengi watakuambia, "Kaka, peleka ya mwisho kabisa, iwe ngumu." Hapa ndipo wengi tunapoelewa vibaya, na ningependa jambo hili lifahamike kila kijiwe. Ringi haiifanyi springi iwe ngumu. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni inayotumika mpaka leo: springi hujibu kwa nguvu inayolingana na kiasi ilichobanwa. Ugumu wake unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilishwa na ringi. Springi yetu ya mfano itaendelea kudai kilo 3 kwa kila milimita, iwe ngazi ya kwanza au ya tano. Ringi inaamua tu pikipiki ianzie urefu gani.

Mbona basi ngazi ya mwisho inauma mgongo? Rudi kwenye mfano. Tuseme ringi imezibana springi milimita 25 kabla hujakaa. Springi hizo sasa zinasubiri kilo 75 ndipo zisogee. Ukipanda peke yako, uzito wako pamoja na wa pikipiki unaoangukia springi za nyuma ni kama kilo 80. Shokapu itazama chini ya milimita 2 tu. Gurudumu likikutana na shimo halina pa kushukia, linaning'inia hewani, kisha linatua kwa kishindo, na kwa muda huo tairi halishiki kitu. Tairi la nyuma lisiloshika chini haliwezi kukusukuma, kukufungia breki wala kukushikilia kwenye kona. Kwa hiyo anayeendesha tupu kwenye ngazi ya tano anapata tabu ile ile ya utovu wa utulivu, kwa mlango mwingine.

Njia ya kujua ngazi inayokufaa ni kupima, na kinachohitajika ni tepu ya fundi cherehani na mtu wa kukusomea. Weka alama kwenye fremu au madigadi, wima juu ya nati ya ekseli ya nyuma. Pikipiki ikiwa stendi kubwa, gurudumu likielea, pima kutoka nati hadi alama. Kisha ishushe, kaa jinsi unavyokaa safarini pamoja na mzigo wako wa kawaida, iminye siti mara moja uiache irudi taratibu, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kuzama kwako. Lengo ni kati ya robo na theluthi ya safari yote ya shokapu, yaani umbali wote ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka: kama gurudumu la nyuma lina safari ya milimita 100, basi kuzama milimita 25 hadi 33. Ukizidi hapo, panda ngazi moja. Ukipungua, shuka. Kulia na kushoto ziwe ngazi sawa daima, kwa sababu zikitofautiana mkono unaobeba gurudumu unasokotwa kila unapopita tuta, na bushi zake zinakwisha upande mmoja.

Bodaboda wa kubeba abiria siku nzima anaweza kuchagua ngazi ya abiria na kubaki nayo. Anayepeleka mikungu sokoni Mbuyuni alfajiri kisha akarudi tupu ana sababu ya kuigeuza mara mbili kwa siku, na spana ile ikikaa mfukoni ni kazi fupi. Ngazi ya juu hata hivyo haiongezi uwezo wa kubeba. Mishikaki ya watu wawili nyuma itafika mwisho wa springi kwenye tuta la kwanza, ringi iwe popote.

Kabla ya kugusa ringi pima upepo. Tairi ni springi ya kwanza ya pikipiki, na tairi la nyuma lenye upepo pungufu litakuyumbisha kiasi cha kukufanya uilaumu shokapu bure. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kwenye kitabu chake, na mara nyingi kuna namba ya peke yako na namba ya kuwa na abiria.

Liko pia tatizo ambalo ringi hailitibu. Springi hurudisha kila nguvu unayoipa, kwa hiyo ikiachwa peke yake ingedunda na kudunda. Kinachoituliza ni oili iliyomo ndani ya shokapu, inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo na kugeuza mdundo kuwa joto. Kandamiza siti kwa nguvu, uiachie: ikirudi juu mara moja na kutulia, oili ingali inafanya kazi. Ikidunda mara mbili au tatu, imekwisha, na shokapu nyingi za nyuma za pikipiki ndogo hazifunguliki kutiwa nyingine. Nunua jozi, usibadilishe upande mmoja.

Mbele kuna nafuu, oili inabadilishika. Pitisha kidole kwenye bomba zinazong'aa juu ya sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Kidole kikitoka na utando mweusi wa vumbi na oili, sili imeanza kuvuja, na oili hiyo ikiteremka hadi kwenye breki ya mbele utaijua siku unayoihitaji. Mwambie fundi abadilishe sili za pande zote mbili, amwage oili yote ya zamani, kisha apime mpya kwa chombo chenye alama za mililita, kiasi kile kile kila bomba, na oili iwe ya unene ule uliotajwa kwenye kitabu. Kukadiria kwa macho hakufai, maana hewa inayobaki juu ya oili nayo ni springi, na bomba moja likijazwa kupita kiasi pikipiki itakuwa ngumu mbele hata kama shokapu za nyuma umezipanga sawasawa.