Chanya si kuongezewa, jamani

Jumanne amekuja mwanafunzi wa fildi, wa nne mwaka huu. Tulikuwa tumesimama mbele ya bika sita (glasi za maabara) za maji ya mto, rangi ya chai ya maziwa kama kawaida ya masika, kila moja ikisubiri kipimo chake cha shabu, chumvi ya alumini ya kusafishia maji, nikamuuliza kwa nini ioni ya alumini, yaani atomi yake yenye chaji, ina chanya tatu. Hakupepesa: "Madam, imeongezewa protoni tatu."

Wa nne. Na wote wanne wana vyeti vizuri kuliko changu.

Alumini ina protoni 13. Ongeza 3 unapata 16, na 16 ni salfa. Sodiamu ya chumvi ya mezani ina 11. Ikiongezewa moja tu ni magnesiamu. Yaani kila mama ntilie anayetia chumvi kwenye maharage angekuwa anaendesha mtambo wa nyuklia kwenye jiko la mkaa. Protoni zimo ndani ya kiini, hazisogei kwa kukoroga wala kwa kuchemsha. Kinachohama ni elektroni. Alumini imepoteza 3, zimebaki 10, protoni ziko palepale 13. Toa mwenyewe.

Najua kosa linakotoka: ni neno lenyewe. Chanya tunasikia heri, nyongeza, "fikra chanya". Wa kulaumiwa ni Benjamin Franklin. Miaka ya 1740 alidhani umeme ni kitu kimoja kinachotiririka, penye ziada akapaita chanya, penye upungufu hasi. Ziada iko upande upi, hakuwa na njia ya kujua, akabahatisha. Mwaka 1897 J. J. Thomson alipoonyesha kuwa elektroni ipo, ikakutwa upande wa hasi, na majina yalishazoeleka. Ndiyo maana mimi nafundisha kwamba elektroni ni deni la dukani. Alumini ina mali 13 na madeni 13, jumla sifuri. Futa madeni matatu, imebaki na chanya tatu, na hakuna aliyempa hata senti.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu kuna mjanja ataniandikia. Chanya ya kuongezewa protoni ipo. Amonia ikipokea ioni ya hidrojeni, ambayo ni protoni tupu, inakuwa amoniamu yenye chanya moja. Lakini protoni hiyo imekuja kushikana na molekuli kwa nje, haijaingia kwenye kiini cha naitrojeni. Naitrojeni ni naitrojeni bado. Mbegu za mlonge zinazosagwa kusafishia maji vijijini zinafanya kazi hivyohivyo: protini zake zina chanya kwa sababu sehemu zake zenye naitrojeni zimebeba protoni za ziada. Kwa hiyo kijana angekuwa anazungumzia mlonge, ningempa nusu maksi. Alikuwa ameshika shabu.

Maji yenyewe? Molekuli nzima haina chaji. Upande wa oksijeni umeelemea hasi, wa hidrojeni chanya. Umeelemea kiasi gani, kila njia ya ukokotoaji ina namba yake, na swali hilo huwa najifanya sijalisikia.

Turudi kwenye bika. Chembe za udongo zina hasi, zinafukuzana, ndiyo maana ndoo ya maji ya mto inalala usiku kucha bila kutulia. Tia shabu, zile hasi zinapata wa kuzituliza, chembe zinashikana, yanatokea mabonge kama maziwa yaliyokatika, yanazama. Bika ya tatu na ya nne ziling'aa. Ya sita, yenye dawa nyingi kuliko zote, ilirudi kuwa na ukungu: tumezidisha, chembe zimegeuka chanya, zimeanza kufukuzana upya. Wanaodhani dawa nyingi ndiyo usafi, waje waitazame bika ya sita.

Ila hata mimi hapo nadanganya kidogo. Kwenye maji ya pH 7, yasiyo asidi wala besi, ile alumini ya chanya tatu tunayoichora ubaoni karibu haipo. Imeshashikana na hidroksidi (oksijeni na hidrojeni zilizoungana, zenye hasi moja), na mara nyingi kazi kubwa inafanywa na ute wa hidroksidi ya alumini unaoshuka ukizoa tope njiani. Katika bika moja, kipi kimefanya kiasi gani, kwa macho siwezi kukuambia.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza swali zuri kuliko langu. "Sasa tope lilipata wapi hizo elektroni za ziada?"

Si lazima lipate. Ndani ya fuwele ya udongo, baadhi ya nafasi za silikoni yenye chanya nne zimekaliwa na alumini yenye chanya tatu. Kila nafasi iliyobadilishwa imepungukiwa chanya moja, na tabaka zima linabaki hasi.

"Alumini hiihii, madam? Iliyolifanya tope kuwa hasi ndiyo tunayolitulizia?"

"Hiyohiyo."

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena.