Maana ya tathmini ya kisayansi ya tabianchi

Tathmini ya kisayansi ya tabianchi ni kazi rasmi ya kukusanya na kupima tafiti zilizokwisha kuchapishwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ili wenye dhamana ya kuamua kwa niaba ya umma wajue lipi limethibitika, lipi bado linabishaniwa, na kila jambo lina uzito gani. Neno la kuzingatia hapa ni kupima. Waandishi wa tathmini hawaendi kuchimba barafu wala kurusha setilaiti, kwani kazi hiyo wameshaifanya watafiti, mara nyingine wakiwamo wao wenyewe. Wanachokabidhiwa ni rundo la maandiko, mengine yakipingana, na wanatakiwa kueleza kwamba yakiwekwa pamoja yanasema nini.

Haja ya kazi hii huonekana pale mhandisi anaposanifu bwawa litakalotumika kwa miaka 80. Zamani alitazama kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita, akachukulia kwamba miaka ijayo itafanana nayo. Tabianchi ikibadilika, kumbukumbu hizo peke yake hazitoshi; na mhandisi huyo hana muda wa kusoma maelfu ya makala, wala si salama kumwachia achague mbili tatu zinazomridhisha.

Tathmini inayojulikana zaidi ni ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990 na ya sita ilikamilika mwaka 2023. Sehemu ya kwanza ya ripoti hiyo ya sita, iliyotolewa mwaka 2021, ilirejelea machapisho zaidi ya 14,000, na rasimu zake zilipokea maoni zaidi ya 78,000 ya wataalamu na serikali. Muhtasari kwa watunga sera hupitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali, wanasayansi wakiwa ukumbini, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba wanasiasa ndio wanaoandika sayansi. Wajumbe wanaweza kudai sentensi iwe wazi zaidi, na wakati mwingine huipunguza makali, lakini kila sentensi lazima iwe na msingi katika sura za ripoti yenyewe. Kwa maoni yangu, lugha inayopoa kidogo ni gharama inayostahili kulipwa, kwa sababu serikali iliyoyapitisha maneno hayo hupata taabu kuyakana baadaye.

Baadhi ya nchi zina tathmini zao kwa mujibu wa sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, inatakiwa kuwasilisha tathmini kwa Rais na Bunge angalau kila baada ya miaka minne, na ya tano ilitolewa Novemba 2023. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2008, hutathmini hatari za tabianchi kila baada ya miaka mitano.

Msomaji mgeni hutatizwa zaidi na lugha ya uhakika. Katika ripoti za IPCC, maneno yanayoonekana ya kawaida yamepewa vipimo: jambo likiitwa “lenye uwezekano”, maana yake ni asilimia 66 au zaidi, na “uwezekano mkubwa sana” huanzia asilimia 90. Mfano mzuri ni jibu la swali moja, kwamba je, binadamu ndiye anayeipasha dunia joto? Mwaka 1995 jopo lilisema kwa tahadhari kwamba mizani ya ushahidi inaelekea upande huo. Kuhusu ongezeko la joto la miongo ya karibuni, mwaka 2001 lilisema kuna uwezekano, mwaka 2007 uwezekano ukawa mkubwa sana, na mwaka 2013 ukavuka asilimia 95. Mwaka 2021 liliandika kwamba jambo hilo halina shaka. Anayeona udhaifu katika mabadiliko hayo ya maneno hajaelewa kwamba ushahidi ndio uliokuwa ukiongezeka.

Tathmini hukosea pia. Ripoti ya mwaka 2007 ilidai kwamba barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka kufikia mwaka 2035, dai ambalo chanzo chake hakikuwa kimepitiwa na wataalamu ipasavyo. Mwaka 2010 jopo lilikiri kosa hilo hadharani, na taratibu zake zikakaguliwa na chombo cha nje.

Mpaka wa mwisho wa dhana hii ni kwamba tathmini haiamui. Inaweza kueleza kina cha bahari kitapanda kwa kiasi gani iwapo gesijoto zitaendelea kutolewa kwa wingi au zikipunguzwa, na kutaja makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Mwenye kujenga uwanja wa michezo ufukweni anaweza kuridhika na makadirio ya kati. Mwenye kujenga mtambo wa nyuklia hutazama yale ya juu kabisa, ingawa wote wawili wamesoma ukurasa uleule.